Kiingereza cha Kutoa Maoni, Kukubali na Kukataa: Usimjibu Mteja "Yes" Kabla Hujajua Umekubali Nini

Leo tuna somo la Kiingereza, ila sio kile cha "this is a pen". Ni kile cha kwenye meseji za wateja. Mteja anakuuliza unaonaje, anataka umpunguzie, analalamika rangi sio aliyoiona kwenye picha, na wewe inabidi umshauri, ukubali au ukatae. Chukua daftari na kalamu kabisa, maana hili sio somo la kusoma na kupita.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nina duka dogo Lusewa, wilaya ya Namtumbo, huku Ruvuma. Nauza vitenge, mikoba ya kitenge na asali, dukani na kwenye simu. Shule niliishia kidato cha nne, Kiingereza kilichobaki nimejiokotea mwenyewe kwenye simu na kwa wateja. Kwa hiyo usitegemee maneno ya chuo hapa. Utapata sentensi za kufanyia kazi.

KWA NINI SOMO HILI LINA PESA NDANI YAKE

Kuna watu wanauliza, mtu wa Lusewa na Kiingereza wapi na wapi? Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji, lugha yao rasmi ni Kireno, na tukikutana nao tunaelewana tu kwa Kiyao au Kiswahili. Sasa Kiingereza cha nini?

Cha mteja aliye mbali. Zambia, Malawi na Uganda Kiingereza ni lugha rasmi. Kenya kipo sambamba na Kiswahili. Mtu wa Lusaka au Lilongwe akiona mkoba wako mtandaoni, hatakuuliza kwanza unaongea lugha gani. Ataandika tu "Hi, is this available?" na anasubiri jibu.

Na sisi tumesomaje? Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, ukifika sekondari ghafla kila kitu ni Kiingereza. Matokeo yake wengi wetu tuna Kiingereza cha kujibu mtihani. Tunaweza kuandika maana ya "photosynthesis" bila kukosea, lakini kumwambia mtu "hapana dada, bei hiyo siiwezi" bila kumuudhi, hiyo haikuwepo kwenye silabasi.

Kubwa zaidi ni hili. Meseji ni maandishi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mmoja atoe pendekezo na mwingine alikubali, na kukubali kwenyewe kuwe kamili, bila sharti jipya pembeni. Halafu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikatambua kuwa watu wanaweza kukubaliana kwa njia ya kielektroniki pia. Mimi sio mwanasheria, ila hapo hata asiye mwanasheria anaelewa: "Yes, I agree" uliyoiandika usiku ukiwa na usingizi inaweza kuja kusomwa mbele yako asubuhi. Kwa hiyo tujifunze kukubali tunachokikubali tu.

Somo nimeligawa sehemu sita. Twende moja moja.

SEHEMU YA 1: KUTOA MAONI

Mteja akikuuliza "What do you think?" au "Which one is better?", anataka maoni yako. Sisi kwa Kiswahili tunaanza na "naona". Mimi naona nyekundu itakupendeza. Ukiipeleka hiyo neno kwa neno utaandika "I see red will look good", na hapo umepotea. "I see" kwa Kiingereza ni kuona kwa macho, na ikisimama peke yake maana yake ni "aa, nimeelewa". "Naona" ya maoni ni "I think".

Shika hizi nne, zinatosha mwaka mzima:

- "I think the red one is better." Naona nyekundu ni nzuri zaidi.
- "In my opinion, the bigger bag is good value." Kwa maoni yangu, mkoba mkubwa ni bei inayolipa. Neno hilo tamka opinyen, na kishindo kikae katikati.
- "I'd recommend the one with the lining." Ningekushauri huo wenye kitambaa ndani. Hii ni kauli ya muuzaji anayeijua bidhaa yake.
- "To be honest, this colour fades a little." Nikwambie ukweli, rangi hii inapauka kidogo. Itumie pale unaposema ukweli usiokupa faida. Mteja akikusikia hivyo mara moja, mara ya pili anakuamini.

Kuna mazoea mawili ya kuacha. La kwanza ni "Me I think". Hiyo ni "mimi naona" iliyovaa suti. "I" peke yake imeshakamilika, "me" ya mbele haina kazi. La pili ni "According to me". "According to" tunaitumia kwa maneno ya mtu mwingine au kitu kingine: "according to the bus company, the parcel arrives on Friday", kwa mujibu wa watu wa basi, mzigo unafika Ijumaa. Kwa maoni yako mwenyewe sema "in my opinion".

SEHEMU YA 2: KUKUBALI KUNA NGAZI TATU

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nenda taratibu.

Sisi tuna "sawa". Sawa inaweza kuwa nimesikia, inaweza kuwa nimeelewa, inaweza kuwa nimekubali, na wakati mwingine ni "acha nimalize haya maongezi nikapike". Muswahili mwenzako anaijua kwa sauti na kwa sura. Mteja wa Kiingereza ana maandishi tu. Ukimwandikia "OK" au "Yes", yeye anaandika kwenye kichwa chake: amekubali.

Kwa hiyo tenganisha ngazi.

Ngazi ya kwanza, nimesikia lakini sijakubali:
- "I understand." Nimekuelewa.
- "I see your point." Naona unachomaanisha.
- "Let me check and get back to you." Ngoja niangalie nitakurudia. Ukiandika hii, kweli urudi.

Ngazi ya pili, nakubali sehemu:
- "You're right about the colour, but the price is already low." Kuhusu rangi uko sahihi, ila bei tayari iko chini.
- "I agree, as long as you pay for transport." Nakubali, ilimradi nauli ya mzigo ulipe wewe.

Hiyo ya "as long as" ni dhahabu. Kumbuka nilivyosema juu kuhusu sheria: ukiweka sharti jipya, bado hujakubali pendekezo lake, umempa la kwako. Sasa mpira uko kwake. Hapo usifunge mzigo mpaka naye aseme "I agree".

Ngazi ya tatu, nimekubali moja kwa moja:
- "I agree." Nakubali.
- "That works for me." Kwangu hiyo inafaa.
- "It's a deal." Tumemalizana. Ukisema hii, biashara imefungwa, usirudi tena kudai nyongeza.

Angalia kosa hili, liko kila mahali: "I am agree". "Agree" ni kitendo kama "come" au "buy". Husemi "I am come". Sema "I agree", tamka agrii. Na kukataa ni "I don't agree" au "I disagree". Kamwe sio "I am not agree".

Halafu viunganishi vyake vitatu, viandike ukutani dukani:
- "agree WITH" mtu au wazo lake. "I agree with you."
- "agree TO" pendekezo au sharti. "I agree to your price."
- "agree ON" jambo ambalo pande mbili zimekubaliana. "We agreed on 12 bags."

Tofauti sio mapambo. "I agree with you" inaweza kuwa tu namna ya kusema maneno yako ni ya kweli, maisha ni magumu, bei zimepanda. "I agree to your price" maana yake bei yako nimeichukua. Mteja akikulilia hali ngumu, "I agree with you, things are expensive" inamfariji na haipunguzi hata shilingi moja.

Na ile "tuko pamoja" yetu? Usiandike "we are together". Kwa Kiingereza hiyo ni kwamba mko wote sehemu moja, au mna uhusiano wa kimapenzi. Mke wa mteja akiisoma utajieleza. Andika "I'm with you on that" au "I agree" ya kawaida.

SEHEMU YA 3: "NDIYO" YETU NA "YES" YAO HAZIFANANI

Kama utabeba kitu kimoja tu kwenye somo la leo, beba hiki.

Mteja akikuuliza kwa Kiswahili, "Huna nyekundu?", na kweli huna, unajibu "Ndiyo, sina." Tunasema ndiyo kwa sababu tunakubaliana na maneno yake: umesema sina, ndiyo, ni kweli sina.

Kiingereza hakiendi hivyo. Mteja akiuliza "Don't you have it in red?" na huna, jibu ni "No, I don't." Kama unayo, jibu ni "Yes, I do." Haijalishi swali limekuja na "don't" au bila. Kiswahili kinamjibu mtu, Kiingereza kinajibu jambo. Jambo lipo, "yes". Jambo halipo, "no".

Sasa lihamishe hilo kwenye pesa. Mteja anaandika:

"You haven't received my payment?"

Yaani, hujapokea malipo yangu? Wewe hujapokea. Kichwa chako cha Kiswahili kinasema "ndiyo, sijapokea", mkono unaandika "Yes". Upande wa pili mteja anasoma kwamba umepokea! Anazima simu analala, anasubiri mzigo. Wewe unasubiri pesa. Baada ya siku tatu anakuita tapeli, na ana skrinshoti yenye neno lako mwenyewe.

Jibu sahihi: "No, I haven't received it yet."

Nyingine ya aina hiyo: "Do you mind if I pay half now?" Watu wanadhani anauliza "naweza kulipa nusu sasa?", wanajibu "Yes, yes". Lakini "mind" hapo ni kukerwa, yaani anauliza "utakereka nikilipa nusu sasa?" Ukisema "yes" umemwambia ndiyo, nitakereka. Kama umekubali sema "No, not at all" au "No problem, half is fine."

Dawa ya yote haya ni moja: usijibu "yes" au "no" peke yake. Malizia sentensi. "No, I don't have red." "Yes, I have received 50,000 shillings." Sentensi nzima inakulinda hata ukichanganya neno la mwanzo, kwa sababu msomaji ataona jambo lenyewe.

Na kwenye kukubaliana muda, kumbuka saa zetu. Saa tatu asubuhi yetu kwao ni "9 in the morning". Ukiandika "I agree, three o'clock" umempa mtu ahadi ya saa tisa mchana.

SEHEMU YA 4: KUKATAA BILA KUFUKUZA MTEJA

Sisi kukataa mtu usoni tunaona ukali. Kwa hiyo tunasema "nitaangalia", "nitajaribu", "tutaona", na mwenzako anaelewa kwamba hapo hamna kitu. Mgeni haelewi. Ukimwambia "I will try", yeye anahesabu kwamba kuna juhudi inafanyika, na Ijumaa atauliza imefikia wapi. Upole wako umegeuka ahadi.

Upande wa pili kuna wale wanaotafsiri ukali mzima mzima: "I refuse", "It is impossible", "You are wrong", "You are lying". Hii ya mwisho ndiyo hatari. Kwetu "acha uongo wewe" ni utani wa sokoni na watu wanacheka. "You are lying" haina utani ndani yake, ni tuhuma.

Katikati ya hao wawili kuna njia nzuri. Kataa wazi, kwa sauti ya chini:

- "I'm afraid I can't go lower than 13,000." Samahani, siwezi kushuka chini ya 13,000. Usishangae "afraid". Hapa hakuna anayeogopa kitu, ni namna yao ya kusema "kwa bahati mbaya". Tamka afreid.
- "I'm sorry, but that price doesn't cover my costs." Samahani, bei hiyo hairudishi gharama zangu.
- "I see your point, but I don't quite agree." Nakuelewa, ila sikubaliani sana na hilo. Hako ka "quite" kanalainisha.
- "I see it differently." Mimi naliona tofauti.
- "That's not what we agreed on. Please check my message from Monday." Hivyo sivyo tulivyokubaliana, tafadhali angalia meseji yangu ya Jumatatu.

Na ukikataa, mpe mlango mwingine. Kukataa bila mlango ni kumfukuza mtu dukani. Milango yenyewe ni hii:
- "What I can do is give you a better price for 12 pieces." Ninachoweza ni kukupa bei nzuri ukichukua 12.
- "How about the smaller size?" Vipi kuhusu saizi ndogo?

Na wewe pia jifunze kusoma kukataa kwao, maana nao wana "nitaangalia" zao:
- "I'll think about it." Mara nyingi hajaridhika. Muulize kwa upole: "Is it the price or the colour?"
- "I'm not sure about the colour." Hajapenda rangi. Mwoneshe nyingine.
- "That's a bit steep." Bei imemshtua.
- "Not bad." Hii sio mbaya wala ya kati, mara nyingi ni kwamba amependa! Usikimbilie kushusha bei.
- "Fair enough." Haya, nimekubali maelezo yako. Hapo umeshinda hoja, nyamaza usiendelee kujieleza.

SEHEMU YA 5: MTEJA AKILALAMIKA

Kwetu "pole" haina hatia. Mtu akijikwaa unampa pole, wala sio wewe uliyemsukuma. Kiingereza kina "sorry" moja inayofanya kazi mbili: pole na samahani. Mteja akisema mzigo umechelewa, ukaandika "Sorry, sorry, sorry", anaweza kusoma kwamba umekiri kosa na sasa anasubiri umrudishie pesa.

Tenganisha hivi. Kama hujajua kosa ni la nani: "I'm sorry to hear that. Let me find out what happened." Pole kwa hilo, ngoja nifuatilie nini kimetokea. Umeonesha utu, hujabeba mzigo wa mtu mwingine.

Kama kosa ni lako kweli, usizunguke: "You're right. I sent the wrong size, and I apologise. I will send the correct one tomorrow." Uko sahihi, nimetuma saizi isiyo yenyewe, naomba radhi, kesho natuma sahihi. "You're right" mwanzoni inashusha hasira nusu nzima.

Na kama kosa sio lako: "I understand why you're upset, but the photo shows the same colour." Naelewa kwa nini umekasirika, ila picha inaonesha rangi hiyohiyo. Angalia mpangilio: kwanza hisia zake, halafu hoja yako, hakuna tusi katikati.

SEHEMU YA 6: MAZUNGUMZO YA MFANO

Hii nimeitunga ili uone vipande vyote vikifanya kazi pamoja. Mteja yuko Lusaka, anataka mikoba 10. Bei yako ni shilingi 15,000 kwa mmoja.

Mteja: "Hi, I like the bags. What do you think, brown or blue?"
Wewe: "I think both are nice, but I'd recommend the brown. It doesn't show dirt easily."
Mteja: "OK. But 15,000 is a bit steep. Can you do 10,000?"
Wewe: "I see your point. But I'm afraid 10,000 doesn't cover my costs. What I can do is 13,500, as long as you take 12 bags."
Mteja: "Does that include transport?"
Wewe: "No, it doesn't. Transport is separate."
Mteja: "Fair enough. Do you mind if I pay half first?"
Wewe: "No, not at all. Half now and half before I send them."
Mteja: "That works for me."
Wewe: "Great. Just to confirm: 12 brown bags, 13,500 shillings each, total 162,000 shillings. You pay 81,000 now and 81,000 before I send. You also pay for transport. Do you agree?"
Mteja: "Yes, I agree."

Umeona ile meseji ya "Just to confirm"? Ndiyo iliyobeba biashara yote. Idadi, rangi, bei ya mmoja, jumla, malipo, nauli. Mteja akisema "I agree" chini yake, mmekubaliana jambo linalosomeka. Sisi wa vijijini mzigo unaanza na pikipiki, unaingia kwenye gari, unashushwa Songea, unapanda basi lingine. Katika safari yote hiyo mengi yanaweza kutokea, kwa hiyo angalau makubaliano yasiwe na mashaka.

UTAJIFUNZAJE BILA ADA

Sina siri kubwa. Nina mambo manne.

Moja, sentensi za hapo juu ziweke kwenye WhatsApp Business, sehemu ya majibu ya haraka. Unaandika mara moja, baadaye unaiita kwa neno fupi na kubadilisha bei tu.

Mbili, ukitumia Google Translate, geuza. Andika Kiswahili, chukua Kiingereza ilichokupa, kibandike upya kirudi Kiswahili. Kikirudi kimepinda, usitume. Kiswahili kimekuwemo humo tangu 2009 lakini misemo yetu bado inaiteleza, jaribu "tuko pamoja" uone.

Tatu, jirekodi. Soma sentensi tano kwa sauti kila asubuhi kabla hujafungua duka, halafu jisikilize. Kuna siku mteja atapiga simu badala ya kuandika, na ulimi usiozoea hukwama palepale kwenye bei.

Nne, acha aibu. Wengi wetu huku Namtumbo tumezaliwa na Kiyao, Kindendeule au Kingoni nyumbani, Kiswahili tumekikuta mbele ya safari na leo tunakiandika. Kichwa kilichojifunza lugha ya pili hakishindwi ya tatu. Mteja hakupi alama za sarufi, anataka kujua umekubali au umekataa.

ZOEZI

Jibu kwanza kwenye daftari, ndipo uangalie majibu chini.

1. Mteja anauliza "Don't you deliver to Mbeya?" na kweli unapeleka Mbeya.
2. Anataka mkoba wa 15,000 kwa 8,000. Huwezi, lakini una mdogo wa 9,000.
3. Anasema "You haven't sent my parcel?" na bado hujatuma, utatuma kesho.
4. Anasema asali yako ni ghali kuliko ya dukani. Wewe hukubali, kwa sababu yako haijachanganywa na sukari.

Majibu:

1. "Yes, I do. I deliver to Mbeya."
2. "I'm afraid I can't sell it for 8,000. How about the smaller one? It's 9,000."
3. "No, I haven't sent it yet. I will send it tomorrow."
4. "I see your point, but I see it differently. My honey is pure, with no added sugar. In my opinion, it's good value."

Majibu yako sio lazima yafanane na yangu herufi kwa herufi. Angalia tu mambo matatu: "yes" na "no" zimekaa sehemu yake, umekataa wazi bila kutukana, na umeacha mlango wazi. Ukipata hayo, uko vizuri.

Kama kuna sentensi ya mteja iliyokukwamisha wiki hii, iandike hapo chini, futa jina na namba yake kwanza, tutaichambua pamoja. Somo lijalo tutaangalia Kiingereza cha kudai deni bila kugombana. Biashara njema.